Mwaka wa Kungoja Pamoja na Daktari Suhair

Mheshimiwa mwakilishi wa mkuu wa wilaya. Sheikh Isa, uliyetufungulia kwa dua. Mchungaji wetu, utakayetufungia kwa sala. Hajati Jamirah, mwenye nyumba anayoishi daktari na mwenye uwanja huu wa Nkoma tulioukalia. Afande Benedicto na mama Brendah, mliotoka Jinja alfajiri ili mtuwahi. Wakunga wenzangu, wanafunzi, majirani. Na wewe Daktari Suhair, ambaye kwa ajili yako tumekusanyika ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyeomba siku hii ifike: mulembe, na asalaam aleikum.

Jina langu ni Proscovia Nambozo, mkunga mkuu wa wodi ya wazazi. Kiswahili changu nilikipata magereza, nilikofanya kazi ya uuguzi miaka kumi na mmoja, na Kiswahili cha huko, afande utanishuhudia, kilikuwa cha simama, keti, toa mkono. Watu wa umri wangu hapa Mbale wakisikia Kiswahili, lugha ya askari, jicho la kwanza hutafuta mlango uko wapi. Daktari alipokuja kwetu mwaka 2017 hakujua Lumasaba wala Luganda. Akajifunza Kiswahili kwa Hajati Jamirah, jioni kwa jioni, kwenye baraza hilo mnaloliona. Siku moja nikamsikia akimwambia mama aliyeshikwa na uchungu, "Pole pole, mama, mimi niko hapa, siendi." Nikasimama na beseni mkononi. Sikujua kwamba lugha ile inaweza kusema maneno kama hayo. Kwa hiyo leo nitasema kwa Kiswahili, na nikikosea mnisamehe.

Kamati imeniagiza nitaje kazi zake, nisizidishe dakika kumi, na nisiwalize watu. Kazi zake mnazijua: kuna watoto humu uwanjani wanaokimbia ambao bila mikono yake wasingekimbia. Mimi nitaomba ruhusa nieleze jambo moja tu, yaani mwaka tuliotoka, mwaka 2021. Kwa nini mwaka huo? Kwa sababu ndio uliomwondoa kwetu. Wengi mmeniuliza sokoni na msikitini na kanisani, "Sista, daktari anakimbia nini? Tumemkosea wapi?" Hatujamkosea. Sikilizeni.

Mnakumbuka Januari ile. Tulipiga kura zetu Alhamisi, mtandao ukazimwa nchi nzima, simu zikawa za kuangalizia saa tu. Daktari alikuwa amezoea kuongea kila siku na dada yake Abir, mwalimu wa hesabu katika kijiji kimoja juu ya kilima, upande wa Palestina unaoitwa Ukingo wa Magharibi. Siku tano hakusikia kitu. Jumatatu mtandao uliporudi, tulikuwa tunakunywa chai wodini, simu yake ikaanza kulia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe, arobaini na kitu. Nilimwona akiishika asiifungue. Mtu wa kwao, alikuja kunieleza baadaye, akiona ujumbe mwingi kwa mpigo hufikiri jambo moja tu: nani amekufa?

Hakuna aliyekufa. Rais wao alikuwa ametoa amri: kutakuwa na uchaguzi wa bunge mwezi wa Mei, na wa rais mwezi wa Julai. Arobaini na kitu zote zilikuwa za Abir, na wa mwisho ulisema, "Wewe umelala? Nchi inapiga kura, wewe umelala?"

Ndugu zangu, sisi hapa tulikuwa tumechoka na uchaguzi hata hatutaki kulisikia neno. Yeye aliketi kwenye kiti cha wauguzi akilia kwa furaha. Nikamuuliza, "Kura tu, daktari?" Akachukua kalamu, akanichorea nyuma ya karatasi: huku Gaza, kando ya bahari, anakokaa kaka yake Wael, huku Ukingo wa Magharibi, anakokaa dada yake, katikati Israel, na askari wake barabarani, ambao bila ruhusa yao ndugu hawa wawili hawawezi kuonana. Akasema, "Nilipiga kura ya bunge mara moja tu, mwaka 2006. Nilikuwa na miaka ishirini na tano. Sasa nina arobaini. Wanafunzi wa Abir wote, na walimu wenzake vijana wote, hawajawahi kabisa."

Basi sisi tukaanza kungoja naye. Februari watu wa kwao walijiandikisha, zaidi ya tisa katika kila kumi. Machi zikatoka orodha za wagombea, thelathini na sita. Abir akaandikwa katika mojawapo, chini kabisa, mahali ambapo hata yeye alijua hatafika bungeni. Lakini jina lake lilikuwepo! Hajati Jamirah, ambaye kwa biashara ya vitambaa amejua kuuliza swali moja mpaka lijibiwe, alikuwa kila asubuhi akipita na boda boda anasimamisha kwenye geti la hospitali, akimwita daktari kwa matamshi yake: "Suhaili! Dada yako amefika namba ngapi?" Kana kwamba orodha ni ngazi na Abir anapanda.

Ukafika mwezi wa Ramadhani. Jioni ya mwisho ya Aprili tulialikwa hapa kufuturu, mimi Mkristo nikiwa nimeleta matoke. Daktari alikuja amechelewa, akaketi, hakugusa tende. Hajati akamuuliza, "Nini, mwanangu?" Akajibu, "Imeahirishwa."

"Mpaka lini?"

"Hawakusema lini."

Sababu iliyotolewa ni kwamba Israel haikukubali kuwa watu wa Jerusalem Mashariki watapigia kura mjini mwao, na bila Jerusalem hakuna uchaguzi. Wengine kwao walisema sababu hiyo ni ya kweli. Wengine walisema wakubwa waliogopa kushindwa. Mimi si hakimu wa mambo hayo. Nawaambia tu nilichokiona: mwanamke mzima ambaye nimemwona akisimama saa saba bila kukaa, jioni ile hakuweza kuinua kikombe.

Wiki mbili hazikupita. Vita vikaanza Gaza. Zilikuwa siku kumi na moja, na Idi ikaangukia katikati yake. Je, mmewahi kumtazama mtu anayeiangalia simu yake namna ile? Ujumbe ukimfikia Wael, hutokea alama mbili. Umeme ukikatika kule, hubaki moja. Daktari akiandika "Mko wapi?" anaiweka simu mezani, anakwenda kumpima mama, anarudi, anatazama: alama moja. Anakwenda, anarudi: alama moja. Na sisi wote wodini tukajifunza kuhesabu alama. Hata mfagiaji wetu Nuriat alikuwa akipita na ndoo ananong'ona, "Ngapi?"

Sasa naingia mahali ambapo kamati haikunituma.

Siku moja katika siku zile, asubuhi, daktari alikuwa chumba cha upasuaji na mama aliyekuwa akivuja damu. Simu yake aliniachia mimi. Ikalia. Alikuwa Abir. Kiingereza chake ni kidogo, na changu nikiwa na hofu hukimbia, lakini nilielewa: jengo la Wael limeanguka. Wanachimba. Hatujui.

Nilisimama kwenye korido. Nikauliza moyo wangu, nimwite? Nikimwita, mkono utatetemeka, na mama yule ndani ana watoto watatu nyumbani. Nisipomwita, nani amenipa mimi ruhusa ya kushika habari ya ndugu ya mtu mfukoni mwa aproni yangu? Ndugu zangu, nilinyamaza. Alitoka mama akiwa hai, nikanyamaza. Nikamwambia anywe chai kwanza, akanywa chai, nikanyamaza. Akaniuliza, "Kuna simu?" Nikasema, "Bado." Huo ulikuwa uongo, na niliusema nikimtazama usoni. Akaingia kwa mama mwingine. Zilipita saa nne. Nilijidanganya kwamba nangoja habari njema ili nimpe zote pamoja.

Habari zilikuja. Wael alitolewa hai. Binti yake Lamis, wa miaka tisa, alitolewa baada ya baba yake, na hakuwa hai.

Nilimwambia tukiwa tumesimama kwenye stoo ya mashuka, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye mlango unaofungika. Hakupiga kelele. Aliuliza, "Saa ngapi walipiga simu mara ya kwanza?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili hiki chetu: "Sista, kwa saa nne mimi nilikuwa shangazi ambaye hajui. Ungeniambia. Mikono yangu ningeipima mimi, si wewe."

Sijawahi kuyasema haya mbele ya watu. Daktari, nilikuomba msamaha siku ile na ukanipa, lakini nilikuomba chumbani, na kosa lenyewe lilikuwa la mbele ya wodi nzima, kwa maana wenzangu wawili walijua nao wakanyamaza kwa agizo langu. Leo naomba tena, hapa, mchana. Na ninyi wanafunzi wa ukunga mlioketi pale nyuma, msiwe kama mimi. Kumficha mtu msiba wake si kumhurumia.

Siku ya tatu alirudi kazini. Nani kati yetu angerudi?

Juni, mnajua wenyewe, ugonjwa wa korona ukatuelemea, safari kati ya wilaya na wilaya zikafungwa. Ilimkuta Jinja, alikokuwa akifundisha siku mbili kila wiki. Mama Brendah, aliyewahi kuzalishwa naye, alisikia kwamba daktari amekwama na nyumba ya wageni imefungwa. Akamtuma mumewe. Afande Benedicto, naomba nikuigize kidogo, usinifunge. Alifika pale na sare zake, akapiga saluti, akasema, "Daktari, barabara hakuna. Lakini nyumba iko. Mama amesema wewe kuja kwetu Kimaka, na mimi nikirudi bila wewe, mimi ndio nitalala nje."

Daktari akaniambia kwenye simu kwamba alidhani amekuja kumkamata. Kwao askari akikujia mlangoni, hakuiti kula. Alipanda gari akiwa amekumbatia mkoba, na hakuuachia mpaka alipomwona mama Brendah jikoni akisonga atapa, ugali wa wimbi. Wiki saba alikaa kwao. Afande, wewe ni mtu wa Soroti, mtu wa kanisa, huna undugu naye wala dini. Lakini ulipoona anaswali sebuleni watu wakipita, ulikwenda ukapigilia misumari, ukamwekea pazia. Tumesikia, na leo tunakushukuru mbele ya watu.

Kule Kimaka ndiko ilikompata habari ya tatu. Mwishoni mwa Juni, kwao, mtu mmoja aliyekuwa akiikosoa serikali alichukuliwa na askari wa serikali hiyo akafa mikononi mwao, na watu wakaingia barabarani. Abir akaingia pia. Mwalimu wa hesabu, na bango la karatasi ya manila. Watu wasiovaa sare wakamnyang'anya simu, wakamvuta kwa mtandio, akalala korokoroni siku mbili. Na hao, ndugu zangu, walikuwa watu wa kwao wenyewe. Daktari alimwambia afande, "Bomu najua kulilia. Hili silijui." Afande, ulimjibu nini? Aliniambia. Wewe, uliyevaa sare maisha yako yote, ulisema, "Mimi nitasikia aibu kidogo kwa niaba yao." Ndivyo ulivyosema.

Mimi nilifikiri Abir sasa atatulia. Mngekuwa ninyi, msingetulia? Nami nasema kwa kujihukumu. Ulipofanyika uchaguzi wetu wa mwenyekiti wa kijiji, ule wa kupanga mstari nyuma ya mgombea, kila mtu akikuona, mimi nilisimama nyuma ya mtu nisiyemtaka, kwa sababu mstari wake ulikuwa mrefu na majirani walikuwa wakitazama. Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenivuta kitambaa. Niliogopa macho tu.

Abir hakutulia. Serikali yao ikatangaza uchaguzi mdogo, wa mabaraza ya vijiji, Desemba tarehe kumi na moja, Ukingo wa Magharibi peke yake, Gaza haikushiriki. Akajiandikisha tena. Wazee wa orodha yake wakafurahi, wakatengeneza bango lenye picha za wagombea wote. Mahali pa picha ya Abir wakaweka ua waridi. Chini yake hawakuandika Abir. Waliandika "dada wa Wael".

Daktari alituonyesha hapa barazani. Hajati Jamirah alivaa miwani, akatazama, akavua, akasema, "Huyu anagombea au anazikwa?" Tulicheka mpaka tukaona daktari hacheki. Alikuwa na hofu. Abir alikuwa amewaambia wazee: ama sura yangu na jina langu, ama mnitoe. Na wao walikuwa wamempa mpaka Ijumaa afikirie.

Daktari akaniuliza, "Nimwambie nini? Nimwambie akubali ua? Ameshapigwa mara moja." Nami, kwa akili yangu ya mistari mirefu, nikasema, "Mwambie akubali. Ua halipigwi." Hajati akanigeukia kwa ukali ambao sijauona tena: "Proscovia, nyamaza. Anayejua uzito ni aliyebeba." Daktari hakumwandikia dada yake akubali wala akatae. Aliandika, "Chochote utakachochagua, nitakisema kwa jina lako." Ijumaa ikapita. Jumamosi bango likatoka upya. Sura yake, jina lake, na chini yake, mwalimu wa hesabu.

Siku ya kura tulikaa uwanjani hapa tangu asubuhi, wanawake kumi na watano, Waislamu na Wakristo, tukimenya ndizi ambazo hazikuhitaji watu kumi na watano. Daktari aliogopa mambo matatu: kwamba Abir atapigwa, kwamba atashindwa, na hili la tatu alilisema kwa sauti ndogo, kwamba atashinda. Jumapili nikiwa kanisani simu yangu ilitetemeka. Viti tisa, orodha yao imepata vitatu, Abir alikuwa wa tatu. Amepita kwa kura kumi na nne.

Kura kumi na nne, ndugu zangu! Mheshimiwa, watu kumi na wanne wangeenda sokoni siku ile, tusingekuwa hapa leo. Kwa sababu jambo la kwanza Abir aliloliomba katika baraza ni chumba cha kujifungulia. Kijiji chao hakina. Na baraza likakubali, kura tano kwa nne, kama atapatikana daktari wa kukaa hapohapo.

Hilo ndilo jibu kwa mnaoniuliza anakimbia nini. Hakimbii. Anaitwa.

Sasa je, tufurahi? Wanaosema katika sherehe kama hii husema, nenda salama, kila kitu kitakuwa sawa. Mimi sitasema hivyo, nimeshaacha kumdanganya mtu huyu. Uchaguzi ule mkubwa wa bunge mpaka leo haujapangiwa tarehe. Wael yuko palepale Gaza, na daktari akifika kwao atakuwa karibu naye kwa safari ya saa mbili ambayo hataruhusiwa kusafiri. Askari wako barabarani. Chumba chenyewe ni chumba tu, kina kitanda kimoja na dirisha. Ninaogopa. Tangu alipokata tiketi silali vizuri, na mume wangu Waiswa, aliyeketi pale, atawaambia.

Leo asubuhi, kabla hamjafika, nilimfuata chumbani nikiwa nimejipanga kwa maneno. Nikamwambia, "Daktari, bakia. Wodi ipo, wanafunzi wapo, Hajati amesema chumba hiki hampi mtu mwingine. Bakia mwaka mmoja tu, tuone mambo yanavyokwenda." Alikuwa anakunja mashuka yake. Hakukasirika. Akasema, "Sista, mwezi uliopita mwanamke wa kijiji chetu alijifungulia ndani ya teksi, kwenye foleni ya kizuizi cha askari. Mama mkwe wake alikata kitovu kwa wembe. Ungekuwa wewe mkunga wa pale, na uko Mbale, ungebaki?"

Nimekuwa mkunga miaka ishirini na sita. Nikashika upande wa pili wa shuka, tukalikunja pamoja, na lililofuata, na lililofuata, mpaka sanduku likajaa.

Daktari Suhair, sisi tunaogopa. Nenda.

Wanyala nabi, weebale inho, shukran. Nawashukuru wote kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu.